Kiazi Kipya ni cha Nani? Usajili wa Aina Mpya za Mimea, Kuanzia Tutani

Kwenye shamba la viazi vitamu lililolala msimu mmoja, iwe Sengerema au Misungwi mkoani Mwanza, si ajabu kukuta mche umechomoza katikati ya njia, mahali ambapo hakuna aliyechomeka rando, yaani kipande cha shina la kupandia. Mwenye shamba akiuacha utambae, siku ya kuchimba anaweza kukutana na kiazi asichowahi kukiona: ganda jekundu, nyama ya rangi ya chungwa, na kikichemshwa kinakuwa cha unga, si cha majimaji kama viazi lishe vingi. Jirani anaomba marando. Shemeji naye anabeba fungu kwenda Buchosa. Misimu mitatu baadaye kiazi kimefika Geita kikiitwa kwa jina la aliyekipeleka, na huku kilikotoka kina jina jingine kabisa. Hapo ndipo swali linapozuka: nikakisajili wapi ili kiwe changu?

Swali hilo ni manne yaliyofungwa fungu moja. Neno "kusajili", kama linavyotumika vijiweni na hata kwenye semina za kilimo, hubeba mambo ambayo kisheria kila moja lina mlango wake. Kuna kuipa aina jina na kuliandika mahali ili lisipewe kitu kingine. Kuna kuidhinishwa, yaani serikali kukubali kwamba aina hiyo inafaa kuzalishwa na kuuzwa kama mbegu. Kuna haki ya mgunduzi, ambayo ndiyo umiliki. Na kuna kuthibitishwa kwa mbegu zenyewe, kazi inayorudiwa kila msimu kwenye kila shamba la mbegu. Aina inaweza kuidhinishwa bila kuwa na mwenye haki. Aina nyingi za zamani za vituo vya utafiti vya umma zililimwa hivyo miaka yote. Kinyume chake pia kinawezekana: mtu akawa na cheti cha haki ukutani huku hana ruhusa ya kuuza hata fungu moja la marando.

Lugha nayo inachangia mkanganyiko. Kwetu "mbegu" ni punje, ni rando, ni pingili ya muhogo, na ni aina pia: "hii mbegu gani?" Humu, aina ni aina, yaani kiazi fulani chenye sura na tabia zake. Mbegu ni kile unachokibeba kwenda kupanda.

Je, ni kipya au kimebadilishwa jina?

Kiazi kitamu tunakipanda kwa rando, na rando ni nakala. Tuta lililopandwa marando ya aina iitwayo Polista litatoa Polista mwaka huu na mwakani. Lakini kiazi huchanua pia, ua la zambarau lenye umbo la tarumbeta, na nyuki wakilichavusha hutoa kidonge chenye mbegu moja hadi nne, nyeusi na ngumu. Hizo ndizo zinazozaa kitu kipya. Kiazi kina kromosomu 90 katika seti sita, tena mimea yake mingi haikubali chavua yake yenyewe, kwa hiyo baba hutoka kwa mmea mwingine na kila mbegu hubeba mchanganyiko wake. Ndugu wawili wa kidonge kimoja wanaweza kutofautiana ganda, nyama na majani. Ganda la mbegu hizo haliruhusu maji kupenya kirahisi, ndiyo maana watafiti huzikwaruza kabla ya kuziotesha. Shambani zinaweza kulala udongoni, zikaota wakati mwenye shamba ameshasahau alichopanda hapo.

Namna ya kumtambua mtoto wa mbegu ni rahisi ukimuwahi. Majani yake mawili ya kwanza yamepasuka katikati kama mkia wa mbayuwayu, na hayafanani na majani ya kiazi yanayofuata. Chipukizi la maotea halina majani hayo. Ukifukua kidogo unakuta kipande cha kiazi cha msimu uliopita kikilisukuma juu. Madai mengi ya "kiazi kipya" huishia hapo: ni maotea ya kiazi cha zamani, au ni aina inayojulikana wilaya ya pili iliyobatizwa upya njiani. Kanda ya Ziwa kuna kiazi kinachoitwa Ukerewe na kuna muhogo unaoitwa Liongo Kwimba. Jina la mahali au la mleta mbegu huonyesha mzigo ulikotokea, halithibitishi kwamba mzigo huo ni tofauti na wa jirani.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wenye uzoefu, nao ni ugonjwa. Virusi vya kiazi, vinavyosambazwa na inzi weupe na vidukari, hupunguza majani, huyakunja, huyapaka michirizi ya njano au zambarau, na kudumaza mmea. Marando mawili ya aina moja, moja lenye virusi na moja safi, yanaweza kuonekana kama koo mbili. Mtu akipima utofauti kwa mimea migonjwa, anapima ugonjwa. Kwa hiyo nyenzo zinazopelekwa kwenye majaribio sharti ziwe safi, na kama si safi, husafishwa maabara kwanza kwa kukuza ncha ndogo ya chipukizi ndani ya chupa.

Vipimo vitatu vya sura

Tanzania Bara, mbegu zinasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya 2003, na msimamizi ni Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao makuu Morogoro. Aina ikipelekwa huko hukutana na jaribio ambalo wataalamu hulitaja kwa herufi tatu, DUS: utofauti, ulinganifu na uthabiti. Kwa kawaida huchukua misimu miwili ya kukua, na msingi wake ni kuangalia na kupima sura. Utamu haumo, wala mavuno hayamo.

Utofauti maana yake aina itofautiane waziwazi na kila aina nyingine inayojulikana. "Inayojulikana" ni pana kuliko "iliyosajiliwa": aina ambayo imekuwa ikilimwa na kuuzwa wazi inaweza kuhesabiwa hata kama haimo kwenye daftari lolote. Mpimaji huchagua zile zinazofanana nayo zaidi na kuzipanda bega kwa bega. Kwenye kiazi huangalia rando limesimama au linatambaa, ncha changa ni ya kijani au ina zambarau, jani lina ndewe ngapi na mkato wake ni wa kina gani, umbo la kiazi, rangi ya ganda, rangi kuu ya nyama na ile ya pili kama ipo. Kitu kidogo kinaweza kuamua. Chukua jani la ukubwa kamili, si changa wala zee, kutoka katikati ya rando, uligeuze: je, mishipa ya chini ni ya kijani yote, ina doa la zambarau pale kikonyo kinapoungana na jani, au zambarau imeenea mpaka kwenye matawi ya mishipa? Mtu anayetazama shamba kutoka barabarani hawezi kuiona alama hiyo, lakini inatenganisha aina ambazo kwa mbali ni mapacha.

Ulinganifu ni swali la mimea yenyewe kwa yenyewe. Kwa mazao yanayopandwa kwa vipande, kanuni za kimataifa hutumia kiwango cha asilimia 1 kwa uhakika wa asilimia 95, na tafsiri yake shambani ni hii: katika mimea 20, mmoja tu ndio unaruhusiwa kuwa na sura tofauti. Wa pili ukionekana, jaribio limeanguka. Wengi huanguka hapa, na mara nyingi sababu si kiazi. Ni marando yaliyokatwa jioni kwa haraka kwenye shamba lenye aina tatu, au kitalu kilichopandwa mahali palipokuwa na viazi mwaka jana, maotea yakachomoza na kutambaa humo humo. Dawa yake ni shamba ambalo halikuwa na viazi msimu uliopita, na kung'oa kila mmea wa kigeni ungali mdogo kabla marando hayajasukana. Yakishasukana hutajua tena lipi limetoka tuta lipi.

Uthabiti ni kwamba aina ikikatwa na kupandwa tena, inabaki ile ile. Kwa kiazi hili kwa kawaida halisumbui, ingawa mara moja moja rando moja hubadilika lenyewe, likatoa ganda la rangi nyingine. Kwa pamba ni habari nyingine, maana pamba hupandwa kwa mbegu, nyuki huhamisha chavua kati ya mashamba, na kinu kinachochambua aina mbili bila kusafishwa katikati huchanganya mbegu kwa siku moja kuliko nyuki wanavyochanganya kwa msimu mzima.

Jaribio la mavuno, na kwa nini mteremko ni muhimu

Aina iliyopita DUS imethibitisha kwamba ni tofauti. Haijathibitisha kwamba inafaa. Hilo ni la jaribio la kitaifa la ufanisi, linalofanyika kwenye vituo kadhaa dhidi ya aina zinazotumika sasa, na matokeo yake ndiyo yanayopelekwa kwenye kamati za kitaifa za kuidhinisha. Kabla ya hapo mtafiti anatakiwa awe na takwimu zake mwenyewe za misimu na maeneo tofauti. Mkulima mmoja mmoja mara nyingi hukwama hapa, kwa hesabu tu.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano. Kitalu kimoja cha jaribio kina matuta manne, kila tuta mita 6, marando yamepishana sentimeta 30. Hayo ni marando 20 kwa tuta, 80 kwa kitalu. Kila aina hurudiwa mara tatu: 240. Vituo vitano: 1,200. Yote yawe na urefu mmoja, karibu sentimeta 30, yametoka mimea ya umri mmoja, na yasiwe na fukusi wala virusi. Tukichukulia mmea wenye afya wa miezi mitatu hutoa vipande 10, inahitajika mimea mama 120 kwa aina moja tu. Ongeza ada, usafiri na mtu wa kupima. Ndiyo maana aina nyingi zinazofika mwisho hupitia mikono ya kituo cha utafiti. Kwa Mwanza kituo hicho ni Ukiriguru cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichopo Misungwi, ambacho jina lake limekaa kwenye pamba tangu zamani: "UK" ya aina ya pamba UK91 ni Ukiriguru, na 91 ni mwaka 1991.

Namna ya kulaza vitalu hivyo inastahili maneno zaidi. Usukumani ardhi hubadilika ukishuka mlima. Juu chini ya mawe kuna luseni, mchanga mwepesi. Katikati itogolo, udongo unaoshikana na kugoma. Chini kabisa mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Mita mia mbili tu zinaweza kupita kwenye zote. Ukilaza marudio ya kwanza kuanzia juu hadi bondeni, aina zilizoangukia luseni zitashindwa na zilizoangukia chini zitashinda, na utakuwa umepima udongo. Kila marudio sharti yalale kukingama na mteremko, ndani ya udongo wa aina moja, na nafasi ya kila aina ndani yake ipangwe kwa kura. Wakati wa kuvuna, matuta mawili ya pembeni huachwa na yale mawili ya kati ndiyo hupimwa, kwa sababu tuta la pembeni hupata mwanga na nafasi kuliko wenzake na hudanganya mizani.

Kilo nazo hazitoshi. Kiazi kinachojaza gunia lakini kina maji mengi hakifai kwa michembe (vipande vibichi vilivyokaushwa), na matobolwa yake (vipande vilivyochemshwa kisha kukaushwa) hunywea na kubaki kama ngozi. Usukumani chakula cha kiangazi hukaushwa, kwa hiyo ukavu wa kiazi ni sifa ya mavuno sawa na uzito. Hupimwa kwa kukata gramu 100 za kiazi kibichi, kukausha kwenye oveni mpaka uzito usibadilike tena, na kupima kilichobaki. Gramu 30 zikibaki, ukavu ni asilimia 30. Jambo hili limeviangusha viazi lishe mara nyingi, na mtafiti anayepuuza kundi la kina mama wa kuonja atagundua baada ya kuidhinishwa kwamba hakuna anayeomba marando.

Wenzetu wa airisi

Ukitaka kuona jina, sifa na kuingiza sokoni vikiwa vimetenganishwa bila ugomvi, tazama wakuzaji wa ua la airisi. Ni ua lenye petali tatu zilizosimama na tatu zinazoning'inia, na aina zinazopendwa zaidi huota kutoka shina nene la chini linalofanana na tangawizi. Majina ya airisi zote zisizo za kitunguu, dunia nzima, huandikishwa na Chama cha Airisi cha Marekani, kilichoanzishwa 1920. Zile za kitunguu huandikishwa Uholanzi.

Fomu yao inauliza jina la mzalishaji, namba ya mche aliyoitumia kitaluni kabla ya jina, kimo, kipindi cha kuchanua kuanzia mapema sana hadi kuchelewa sana, rangi ya petali za juu na za chini kila moja peke yake, na wazazi. Wazazi huandikwa kwa mpangilio usiobadilika: mama aliyebeba mbegu kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha baba aliyetoa chavua. Baba asipojulikana, inaandikwa kwamba hajulikani. Hakuna aibu. Kitalu cha viazi ambako nyuki ndiye mchavushaji kingejaza fomu hiyo hivyo hivyo: mama fulani, baba hajulikani. Kubuni baba ili daftari lipendeze ni kosa linaloharibu kazi ya miaka ya watu watakaokuja kuvuka aina hiyo na nyingine, yaani kuzichanganya kwa chavua.

Jina lenyewe lina masharti. Lisiwe limewahi kutumika kwa airisi nyingine, lisizidi herufi 30, lisijisifu kupita kiasi, lisiwe la mtu aliye hai bila ridhaa yake. Lakini msajili haoni ua. Hapimi chochote, hapandi chochote. Anapokea neno la mzalishaji na kulitangaza. Na kuandikishwa si kuingizwa sokoni. Airisi huhesabiwa kuwa imeingizwa pale tu inapotolewa kwa umma kwa kuuzwa, kwa katalogi, orodha ya bei au tangazo, na tukio hilo huandikwa kwa mwaka wake na jina la aliyeiingiza. Aliyeiingiza anaweza kuwa mwingine kabisa. William Mohr wa California alifariki 1923. Sydney Mitchell ndiye aliyeiendeleza miche yake, na mmojawapo, 'San Francisco', ukashinda Medali ya Dykes ya Marekani 1927. Kwenye kumbukumbu mzalishaji ni Mohr.

Mfumo huu hauna polisi. Haumzuii mtu kuuzidisha mmea na kuuuza. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba jina moja lina mmea mmoja, na mmea una mama, baba na mwandishi. Kwa kiazi cha Sengerema, hicho kingekuwa tayari nusu ya kinachotakiwa, na hakigharimu maabara: daftari, tarehe, picha ya jani lililogeuzwa na kiazi kilichokatwa kikiwa kando ya rula, na mahali rando la kwanza lilipopatikana. Anayempa mtafiti marando bila hata karatasi moja yenye saini mbili asishangae baadaye jina lake likikosekana.

Haki ya mgunduzi, na neno linalopotosha

Umiliki ni mlango mwingine. Unasimamiwa na Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya 2012, na Msajili wake yuko Wizara ya Kilimo. Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, Novemba 2015 kwa kufuata mkataba wa 1991. Haki hudumu miaka 20, na kwa miti na mizabibu 25. Ndani ya muda huo, kuzalisha mbegu za aina hiyo, kuziuza, kuzisafirisha nje, kuziingiza au kuziweka ghalani kwa lengo hilo kunahitaji ridhaa ya mwenye haki.

Neno "mgunduzi" limezaa matumaini yasiyo na msingi. Kugundua kwa Kiswahili ni kukuta kitu kilichokuwepo, na mtu aliyekuta mche shambani anajiona amekidhi. Mkataba unataka aliyezalisha, au aliyegundua na kuendeleza. Kuona pekee hakuhesabiki. Kuchagua, kupanda peke yake, kung'oa rando lisilofanana na kurudia mpaka aina itulie, hiyo ndiyo kazi inayolipwa. Na kama kazi hiyo imefanyika ndani ya ajira, kwa kawaida mwenye haki ni mwajiri, huku watafiti wakitajwa kama wagunduzi. Kutajwa na kumiliki ni vitu viwili, kama ilivyo kwa Mohr na Mitchell.

Pamoja na vipimo vitatu vya DUS, haki inadai sharti la nne: upya wa kibiashara. Aina isiwe imeuzwa nchini, kwa ridhaa ya mwenyewe, kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, wala nje kwa zaidi ya miaka minne, au sita kwa miti na mizabibu. Hapa ndipo kiazi chetu cha mwanzo kinapokwama. Kumpa jirani marando ayajaribu ni jambo moja. Kuyauza kwa mafungu mnadani misimu mitatu ni jambo jingine, na hakuna namna ya kuurudisha upya uliouzwa. Mwenye nia ya kuomba haki aandike tangu siku ya kwanza nani kapewa marando, mangapi, na kwamba ni ya majaribio.

Kwa upande wa pili, haki hiyo haizuii kila kitu. Matumizi binafsi yasiyo ya biashara yako nje, majaribio yako nje, na kuitumia aina hiyo kama mzazi wa aina nyingine kuko nje. Ukerewe ikivukwa na aina yenye haki ikazaa kitu cha tatu, cha tatu ni cha aliyevuka, ilimradi kisiwe nakala ya yule mzazi iliyobadilishwa kidogo tu. Rando lililobadilika rangi ya ganda peke yake huangukia kwenye mtego huo wa "kidogo tu".

Jina nalo hupewa masharti makali kuliko ya airisi. Lisifanane na la aina nyingine ya zao hilo au ndugu zake wa karibu, na lisipotoshe kuhusu sifa, thamani au mwenyewe. "Hakiozi" halitapita, kwa sababu kitaoza. Tarakimu tupu hazikubaliki isipokuwa pale zao lina desturi hiyo. Jina lililokubaliwa hutumika hilo hilo katika nchi zote wanachama. Nembo ya biashara inaweza kukaa kando yake, lakini haiwezi kukaa badala yake.

Siku ya kutoka

Baada ya idhini, kiazi hakina haraka ya kufika kijijini. Kwa kiwango kile kile cha vipande 10 kila miezi mitatu, mmea 1 unakuwa 10, 100, 1,000, na mwaka ukiisha 10,000. Ekari moja kwa matuta ya mita moja na nafasi ya sentimeta 30 inahitaji kama 13,500. Yaani mwaka mzima wa umwagiliaji bila msimu kukatika, na ekari ya kwanza haijajaa. Muhogo ni mbaya zaidi, kwani kizidishi ni kile kile lakini mzunguko ni wa mwaka.

Na msimu hukatika. Juni hadi Septemba marando ya milimani hukauka, na watu hukimbilia mabondeni na ukingo wa ziwa. Huko ndiko marando ya zamani yanakojificha na virusi vyake, na inzi weupe wanahama mita chache tu. Kitalu cha marando safi kinatakiwa kiwe mbali na viazi vya kawaida au ndani ya kihema cha nyavu laini zinazozuia wadudu. Pia kisiwekwe kwenye mchanga wa ufukweni kwa sababu maji yako karibu: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Mbegu hushuka kwa ngazi: za mtafiti, za msingi, kisha zilizothibitishwa, na pembeni zile za kuazimiwa ubora, ambazo wakulima waliofunzwa na kusajiliwa huzalisha kwa ajili ya eneo lao chini ya ukaguzi wa sehemu tu ya mashamba. Kwa viazi na muhogo ngazi hii ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kweli, maana marando hayavumilii safari. Yakikaa siku mbili au tatu kivulini yamefungwa kwa majani mabichi, bado yanaota. Yakipanda lori kwenda mkoa mwingine juani, yanafika yakiwa mboga iliyochemka.

Kila fungu linaloondoka lifungwe kamba yenye kibao kidogo: jina la aina kama lilivyoidhinishwa, herufi kwa herufi, ngazi ya mbegu, idadi ya marando, kijiji lilipokatwa na tarehe ya kukata. Aliyelipokea Geita akilipa jina lake mwenyewe, basi afanye hivyo jikoni kwake. Kwenye fungu atakalouza yeye kesho lirudi lile la kibao, na litabaki hilo hata miaka 20 ikishapita na kiazi kikawa cha kila mtu.